Dohani ya Nyumbani: Jinsi ya Kuikagua, Kuisafisha na Kuwasha Moto Bila Kuhatarisha Paa

Ukipita Mufindi au Njombe jioni ya mwezi wa Julai, utazijua nyumba zenye dohani kabla hujazifikia, maana moshi unatangulia. Nyingi ni nyumba za zamani za mashamba ya chai na za misheni. Lushoto zipo, Limuru na Nyahururu zipo. Siku hizi zimeongezeka nyumba mpya zenye meko ya ukutani sebuleni, na majiko ya kuni yenye bomba la bati linalotoboa paa. Wenye nyumba karibu wote tuna tabia moja: tunaangalia moto, hatuangalii kule moshi unakopita.

Mimi nilijifunza kwa kuogopa. Ilikuwa msimu wetu wa pili wa baridi katika nyumba hii. Usiku tulisikia mngurumo juu ya dari, kama lori la magogo linapanda mlima kwa gia ya kwanza. Nikatoka nje nikidhani ni upepo, nikakuta dohani inatema cheche kama tanuri la mhunzi. Paa halikuungua. Nikifika kwenye habari ya darini nitaeleza kwa nini nasema ni bahati tu.

Moshi ukipoa, ndipo taabu inapoanza

Dohani haina feni. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda, na ikipanda inavuta hewa nyingine kutoka chumbani ipitie motoni. Dohani ikiwa ndefu na yenye joto, inavuta vizuri. Ikiwa fupi na baridi, inasusa. Kwenye nyanda za juu hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo dohani fupi ambayo ingefanya kazi Tanga inaweza kukujazia moshi sebuleni ukiwa mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Moshi wa kuni umebeba mvuke wa maji na gesi za utomvu ambazo hazikuwahi kuungua. Ukipoa chini ya nyuzi 120 hivi ukiwa bado ndani ya dohani, mzigo huo unaganda ukutani, kama jasho kwenye chupa ya soda baridi. Mwanzoni ni masizi ya unga, fagio linayatoa. Yakiachwa yanakuwa magamba meusi yanayong'aa. Yakiachwa zaidi yanageuka lami ngumu, laini kama rangi ya mafuta, brashi inateleza juu yake. Yote hayo yanawaka, na ile lami ndiyo mbaya kuliko yote: ikishika moto, joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Hapo matofali yanapasuka na mota inayoyashikanisha inadondoka.

Wengi hudhani dohani inaharibiwa na moto mkubwa. Kinachoijaza hasa ni moto mdogo unaofukizwa usiku kucha kwa kuni mbichi, mlango wa jiko umebanwa ili kuni zisiishe. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya, na tulijiona wabanifu.

Ukaguzi: fanya Mei, mvua zikikatika

Mara moja kwa mwaka ndicho kiwango cha chini, hata kama uliwasha moto siku chache tu. Dohani isiyotumika nayo ina mambo yake: mbayuwayu wanajenga, bundi anahamia, nyuki wanaingia. Ukikuta nyuki, mwite mrina asali. Usiwafukuze kwa moto wa chini, kwa sababu nta ni mafuta, na utakuwa umejitilia kiberiti mwenyewe.

Anza nje. Simama mbali uitazame dohani nzima. Imenyooka au imeinama? Kuna ufa unaoshuka? Pale inapotokea kwenye paa inatakiwa kupanda angalau sentimita 90, na iwe juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa angalau sentimita 60, iwe ni kilele cha paa lako au banda la jirani. Tawi la mkaratusi linaloning'inia juu yake likatwe. Nyumba ya makuti au nyasi yahitaji uangalifu mara mbili, na wavu wa kuzuia cheche hapo si hiari.

Panda juu siku kavu tu, ngazi ikiwa imefungwa kwa kamba na mtu anaishikilia. Bati lenye ukungu huteleza kuliko sabuni. Juu kabisa tazama kofia ya kuzuia mvua na ndege, kisha wavu wake. Matundu ya milimita 12 hivi yanatosha. Ukiweka wavu mwembamba kama wa mbu, masizi yataziba wiki ya tatu na moshi utarudi ndani. Angalia pia ile sakafu ya zege inayofunika kichwa cha dohani. Ikiwa na ufa, maji yanaingia katikati ya matofali, na hiyo ndiyo njia nyumba nyingi za zamani zinavyooza kimyakimya.

Sasa ingia darini. Hapa usiharakishe. Beba tochi, ufuate dohani tangu inapoingia kwenye dari hadi inapotoka kwenye bati. Mota iliyotoka kwenye maungio, alama za kahawia au nyeusi kwenye matofali, harufu ya moshi: kila kimoja ni dalili kwamba kuna tundu. Kisha pima mbao. Kenchi, papi, mbao za dari, kitu chochote kinachowaka, kinatakiwa kukaa angalau sentimita 5 mbali na ukuta wa nje wa dohani ya matofali. Nafasi hiyo isijazwe takataka wala magazeti ya kuzuia baridi.

Siku mbili baada ya ule mngurumo nilimleta fundi mwashi. Alikuwa darini muda mrefu, kimya, mimi niko chini nashika ngazi. Kisha akasema, "Bosi, hebu panda. Hapa kuna mti." Aliyejenga nyumba alikuwa ameegemeza ncha ya boriti ndani ya matofali ya dohani, labda kwa kuokoa nguzo moja. Fundi akaikwangua kwa kisu. Nje ilikuwa mbao, ndani kidole kizima kilikuwa mkaa. Mbao inayookwa kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi hubadilika, na huja kushika moto kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Basi bahati niliyoisema ni hiyo: ilibaki sentimita chache.

Mwisho, kagua kutoka chini. Fungua kile kibati kinachofungua na kufunga koo la dohani, uone kama kinakwenda hadi mwisho. Ingiza kioo kidogo na tochi. Au fanya kama mwanangu, funga simu kwenye ufito, washa taa yake, irekodi video inavyopanda. Kwangua ukuta kwa msumari. Tabaka likifika milimita 3, safisha kabla ya moto wowote. Likiwa ni ile lami inayong'aa, usingoje hata hizo 3.

Kuna jaribio moja la zamani ambalo halina gharama. Washa moto mdogo, weka majani mabichi kidogo utoe moshi mzito, kisha mtu wa juu afunike mdomo wa dohani kwa gunia lililolowa kwa dakika moja au mbili. Mwingine awe darini na tochi. Moshi ukichungulia popote kwenye ukuta, weka alama ya chaki. Milango na madirisha yote yawe wazi, na jaribio lisivutwe zaidi ya hapo.

Kusafisha, hatua kwa hatua

1. Acha dohani bila moto angalau saa 24, kisha toa jivu lote.

2. Ondoa mikeka na viti. Ziba mdomo wa meko kwa shuka kuukuu lililoloweshwa, libane pembeni kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Masizi ni mepesi ajabu. Yakitoroka utayafuta kwenye mapazia hadi Krismasi.

3. Vaa barakoa inayobana usoni, miwani, glavu na nguo za mikono mirefu. Masizi si uchafu wa kuoga tu. Mwaka 1775 daktari wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba wasafisha dohani walikuwa wakipata saratani ya ngozi ya korodani kwa sababu ya masizi. Ilikuwa mara ya kwanza saratani kuhusishwa waziwazi na kazi ya mtu. Oga mara umalizapo, na nguo zifuliwe peke yake.

4. Tafuta brashi inayolingana na tundu. Ya waya mgumu ni ya matofali na vigae vya udongo. Bomba la chuma linataka brashi ya plastiki, kwani waya unalikwaruza na mikwaruzo inaota kutu. Ukisafisha kutoka juu, funga brashi kwenye kamba, na chini yake uzito wa kilo chache. Shusha, pandisha, mara nne au tano kila eneo. Paa likiwa na mwinuko mkali, achana na juu kabisa: tumia fito zinazounganika, usukume kutoka chini kupitia tundu dogo kwenye shuka.

5. Ngoja saa nzima vumbi litulie. Chai inanyweka hapa.

6. Fungua shuka, ingiza mkono nyuma ya koo la dohani. Meko nyingi za matofali zina kibaraza hapo, na watu husahau kwamba kipo. Kwangu, mara ya kwanza, kibaraza peke yake kilitoa ndoo mbili na nusu, pamoja na kiota na tofali zima lililodondoka sijui mwaka gani.

7. Rudia ukaguzi kwa tochi. Matofali yaonekane ni matofali.

Lami ngumu ikikataa kutoka, usiipige kwa mnyororo wala nondo. Utapasua vigae vya ndani, na ufa wa ndani ni mbaya kuliko masizi. Na usikubali ushauri wa "iunguze tu iishe", kwani huko ni kuanzisha kwa makusudi moto unaouogopa. Chumvi na maganda ya viazi vinavyotupwa motoni haviondoi kitu, na chumvi inakula chuma. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua dawa na vifaa vya kuikwangua.

Mota iliyotoka na ufa mdogo

Maungio ya nje yaliyomomonyoka unaweza kuyajaza mwenyewe. Kwangua yale yaliyolegea hadi sentimita 2 ndani, lowesha matofali, kisha jaza kwa mchanganyiko wa saruji 1, chokaa 1 na mchanga 6. Chokaa isiachwe, kwani saruji tupu ni ngumu mno na itapasua matofali ya zamani. Ndani ya meko, pale ndimi za moto zinapogusa, mchanganyiko huo haufai. Panahitaji matofali ya kuchoma yanayostahimili moto na mota yake maalumu. Kona iliyopigwa plasta ya kawaida utaiona inabanduka kabla baridi haijaisha.

Jiko lenye bomba la bati

Hapa makosa ni mengi kwa sababu kila fundi wa mabati ana mtindo wake. Kubwa ni jinsi vipande vinavyoingiliana. Watu hudhani kipande cha juu kinatakiwa kuvaa cha chini kwa nje, kama mabati ya paa, ili mvua isiingie. Ni kinyume. Ncha nyembamba ya kipande cha juu iingie ndani ya kile cha chini, ikielekea jikoni, ili utomvu unaoshuka ubaki ndani ya bomba urudi motoni. Ukiona michirizi myeusi inayotiririka nje ya bomba lako na harufu kali ya lami, jua limefungwa kichwa chini. Kila ungio lipigwe ribiti au skrubu tatu.

Bomba moja lisilo na ngozi ya pili linatakiwa kukaa sentimita 45 mbali na kitu kinachowaka. Lisipite kwenye dari ya mbao likiwa uchi. Pale linapopenya, liwe na bomba la pili nje yake lenye nafasi ya hewa, au kipande maalumu cha kupenyezea. Kona zisizidi mbili. Sehemu inayolala ipande angalau sentimita 2 kwa kila mita. Bati lenye zinki lisiwekwe karibu na jiko, kwa sababu zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 na moshi wake unadhuru. Kipande cha kwanza kiwe cha chuma cheusi kizito. Nimewahi kuona bomba la plastiki la maji taka limeungwa juu ya jiko. Sina la kuongeza hapo.

Kuni ni nusu ya kazi

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kuni nzuri zina maji chini ya asilimia 20. Pasua kwanza, kwani gogo zima halikauki. Panga juu ya vitu vilivyoinuka, funika juu tu, pembeni paachwe wazi upepo upite. Miwati na mikaratusi ipe mwaka. Misindano hukauka mapema, na ikiwa mikavu haina ubaya mkubwa kama watu wanavyosema. Inawaka haraka tu. Huna kipimo? Chagua vipande vitatu, vitie alama, upime kwenye mizani ya dukani kila baada ya wiki mbili. Vikiacha kupungua uzito, vimekauka. Kipande kikavu kikigonganishwa na kingine hulia kwa sauti kali. Kibichi hutoa sauti ya mgomba.

Usichome plastiki, mbao zenye rangi, wala vipande vya nguzo za umeme vyenye ukijani. Huku kwetu vipande hivyo vinapatikana bure na vinawaka vizuri, ndiyo maana vinatamanisha. Ukijani ule ni dawa ya kuzuia mchwa, na ya aina hiyo mara nyingi ina aseniki. Haiishi kwa kuungua. Inabaki katika moshi na jivu.

Kabla ya kuwasha, fungua koo la dohani na dirisha moja kidogo. Washa gazeti lililokunjwa, lishike juu karibu na koo kwa nusu dakika, dohani ipate joto na hewa baridi iliyotuama iondoke. Weka kuni nene chini, vijiti juu, uwashe kutoka juu. Moto uwe na ndimi za wazi tangu mwanzo. Baada ya robo saa toka nje uangalie: moshi mwembamba usioonekana sana ni mzuri, mzito wa kijivu maana yake unapaka lami.

Moshi ukirudi ndani kila siku ingawa dohani ni safi, zima feni ya jikoni kwanza. Kisha pima: mdomo wa meko usizidi mara 10 ya eneo la tundu la dohani. Shikilia kipande cha bati sehemu ya juu ya mdomo, ukishushe polepole. Moshi ukikoma, hapo ndipo mdomo wako ulipotakiwa kuishia, na unaweza kulifunga bati hilo moja kwa moja.

Jivu na hewa ya sumu

Kaa dogo linaweza kuishi ndani ya jivu hadi siku nne. Jivu liwekwe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, mita 3 kutoka nyumbani, si kwenye kiroba na si barazani.

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dohani iliyoziba huirudisha chumbani. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na hasa mkiumwa watu wawili watatu kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, hiyo si malaria. Tokeni wote, mwende hospitali, mseme kulikuwa na moto ndani. Ukipata kengele ya kugundua gesi hiyo, iweke karibu na vyumba vya kulala. Usifunge koo la dohani usiku wakati makaa bado mekundu, na usiingize jiko la mkaa chumbani eti dohani inasumbua. Jiko la mkaa halina dohani kabisa, na kila msimu wa baridi tunasikia waliolala nalo.

Ikishika moto

Utasikia mngurumo, bomba litatetemeka, cheche zitaruka juu. Toa watu nje kwanza. Piga simu: Tanzania zimamoto ni 114, Kenya 999 au 112. Kama ni salama kurudi, funga mlango wa jiko na matundu yote ya hewa. Meko wazi mwagia mchanga mkavu au jivu baridi. Usimwage maji. Matofali yenye joto hilo yakikutana na maji hupasuka, na mvuke utakurudia usoni. Kisha lowesha paa kwa nje ukiwa chini, na mtu aangalie darini kwa mbali kila baada ya muda hadi asubuhi, maana moto uliojificha kwenye kenchi unaweza kuchelewa saa kadhaa kujitokeza.

Usiwashe tena hadi dohani nzima ikaguliwe ndani na darini, hata kama kwa nje haina alama. Yetu ilikaa wiki tano. Fundi alikata ile boriti, akaiegemeza kwenye nguzo mpya, akajenga upya sehemu iliyopasuka. Tulivaa makoti ndani ya nyumba. Alipomaliza aliagiza moto wa kwanza uwe wa vijiti tu, nusu saa, siku tatu mfululizo, mota ikauke taratibu. Siku ya nne ndipo tukaweka gogo.